Ukiishia basilika, hujafika Namugongo

JICHO LA ZIWA
Na Respicius Kaijage

Msimu wa mabasi ya hija umefika. Ikifika wiki ya mwisho ya Mei, parokia za Bukoba, Mwanza, Kigoma na hata Dar es Salaam huwa zimeshakusanya michango, zimeshashona sare za vitenge na kukodi magari ya kuvuka mpaka wa Mutukula kuiwahi Juni 3 kule Namugongo, Uganda. Wenye miguu na nia hutembea. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na wapo wanaoanzia mbali kuliko hapo: Wakenya wanaopitia Busia na Malaba, Wanyarwanda, Wakongo, na Waganda wenyewe kutoka kila pembe ya nchi yao, ambako siku hiyo ni sikukuu ya taifa.

Nawatakia safari njema. Ila nina neno nao, na nalisema mapema kabla magari hayajawashwa: wengi wao watakwenda Namugongo na kurudi bila kukanyaga mahali walipochomwa mashahidi wa Uganda walio wengi.

Basilika ya Wakatoliki, ile tunayoiona kwenye kalenda na fulana, imejengwa pale alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wao, peke yake. Altare yake imesimikwa hapo hapo. Wenzake hawakufia hapo. Kizito, kijana wa miaka kama 14 ambaye jina lake limejaa kwenye vigango na shule zetu, hakufia hapo. Rundo kubwa la kuni lililowateketeza, Wakatoliki kwa Waanglikana, lilikuwa Nakiyanja, mwendo mfupi kwa miguu, na eneo hilo leo linatunzwa na Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana. Kwa hiyo Mkatoliki anayemwimbia Kizito kutwa nzima mbele ya basilika, kisha akapanda basi kurudi nyumbani, amempita Kizito njiani.

Sisemi haya kuishusha basilika. Ni kanisa la kupendeza na lina historia yake. Lilichorwa na msanifu majengo wa Uswisi, Justus Dahinden, akalipa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, duara lenye paa lililochongoka, likizungukwa na nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza hao 22 kuwa watakatifu huko Roma Oktoba 18, 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea. Mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda, safari ya kwanza ya papa aliye madarakani kufika upande huu wa Afrika, na akahiji Namugongo. Kanisa lenyewe lilizinduliwa Juni 3, 1975. Yohane Paulo wa Pili alifika 1993, Fransisko akafika Novemba 2015. Mbele ya basilika kuna ziwa dogo la kuchimbwa lenye jukwaa la Misa katikati, na mahujaji huchota maji yake kwa madumu na chupa kupeleka kwao. Kila mwaka jimbo moja hukabidhiwa maandalizi, likaleta kwaya na watumishi wake. Hayo yote ni mema.

Wasiwasi wangu ni simulizi tunalorudi nalo. Muulize hujaji aliyeshuka kwenye basi kwa nini vijana wale waliuawa, atakujibu kwamba walikufa kwa ajili ya imani. Jibu ni sahihi, lakini limekatwa mno. Linaacha nje watu wengi waliofia ardhi ile ile, na linaacha nje swali walilouawa kwalo.

Wa kwanza kuachwa ni Waislamu. Kabla ya Mkristo yeyote kuchomwa Namugongo, Waislamu walikwisha kufa hapo. Uislamu uliingia Buganda kwa wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar tangu miaka ya 1840, na Kabaka Mutesa wa Kwanza akaupenda. Alifunga Ramadhani miaka kadhaa, akajenga msikiti, akaagiza watu wake wasali. Lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Baganda haikuruhusu damu ya Kabaka kumwagika. Vijana wa ikulu waliosoma dini kwa makini wakaona tatizo. Wakakataa kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, hata kama imamu huyo ni mfalme, na wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake. Karibu mwaka 1876 Mutesa aliamuru wauawe. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 70. Ni kama miaka kumi kabla ya moto wa Karoli Lwanga, na ni mahali pale pale.

Kosa la Waislamu wale halikuwa kuabudu, maana Kabaka mwenyewe aliabudu. Kosa lao lilikuwa kumwambia mfalme kwamba katika jambo hili yeye si wa mwisho. Shika hapo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata Namugongo ni marudio ya kosa hilo hilo.

Ukristo nao ulipita pwani kabla ya kupanda bara. Mwaka 1875 Henry Stanley alipoondoka kwa Mutesa, alimwacha ikuluni kijana aliyesomeshwa na misheni ya Kiungani, Zanzibar, jina lake Dallington Maftaa, amsomee Kabaka maandiko. Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877, Mapadre Weupe wa Kikatoliki wakafuata 1879. Alexander Mackay, fundi na mwalimu wa Waanglikana, alianza kufundisha kwa Kiswahili na kwa tafsiri za Askofu Steere wa Zanzibar, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo vijana wa ikulu walikuwa wamejifunza kwa wafanyabiashara. Mapadre Weupe walipoona mambo yamekuwa magumu, mwaka 1882 wakavuka Ziwa Victoria kuja upande wetu, Bukumbi, karibu na Mwanza. Walirudi 1885. Katika miaka hiyo ambayo hapakuwa na padre, Wakatoliki wa Buganda hawakupungua. Waliongezeka, wakifundishana wao kwa wao.

Mutesa alikufa Oktoba 1884, mwanawe Mwanga akarithi kiti akiwa kijana wa miaka kama 18. Januari 31, 1885 Waanglikana watatu, Makko Kakumba, Nuhu Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa Busega. Lugalama alikuwa mtoto. Oktoba 29 mwaka huo Askofu James Hannington akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka, kwa sababu alikuwa anaingia Buganda kwa njia ya mashariki, njia ambayo Baganda waliiogopa. Pamoja naye waliuawa wapagazi wake wapatao 50 waliotoka naye pwani. Askofu ana sikukuu yake katika kalenda ya Waanglikana. Wapagazi ni wachache wanaowakumbuka kwa majina.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu, Mkatoliki, alimlaumu Mwanga waziwazi kwa kumuua mgeni bila kumsikiliza. Akumbukwe kwa hilo: Mkatoliki wa kwanza kuuawa Buganda aliuawa kwa kumtetea Mwanglikana. Alikatwa kichwa Novemba 15, 1885. Pia alikuwa amewakinga vijana wadogo wasitumike kwa tamaa za mfalme, na Karoli Lwanga aliyeshika nafasi yake akaendelea kuwakinga.

Mei 25, 1886, Mwanga alirudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko ziwani, akakuta ikulu haina watu. Aliposikia kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa anamfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu wake, hasira ikamwaka. Usiku huo Lwanga akawabatiza wanafunzi wanne ambao hawakuwa wamebatizwa, Kizito akiwa mmoja wao. Kesho yake vijana wakatakiwa wajitenge: wanaosali upande huu, wasiosali upande ule. Waliokwenda upande wa wanaosali walifungwa kamba, wakaswagwa kwa miguu hadi Namugongo. Huko walikaa wiki nzima wakisubiri, kuni zikikusanywa. Juni 3, 1886 ilikuwa Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana. Waliviringishwa kwenye mikeka ya matete, wakachomwa. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi aikane dini, akakataa. Akapigwa shingoni kwanza ili moto umkute amekwisha kufa. Huo ndio upole wa baba uliopatikana siku hiyo.

Watatu, Denis Kamyuka, Charles Werabe na Simeon Ssebuta, waliachiwa dakika za mwisho. Mengi tunayoyajua kuhusu siku hiyo yametoka vinywani mwao.

Sasa mtazame Matia Kalemba Mulumba. Aliufuata Uislamu kwanza, kisha akasoma kwa Waanglikana, mwisho akabatizwa Mkatoliki mwaka 1882. Alikuwa mtu mzima, mwenye cheo na familia. Alikatwa mikono na miguu kilimani Kampala ya Kale, akaachwa afe polepole. Alikata roho Mei 30, siku ya tatu. Njia zote tatu za dini ambazo wafuasi wake waliuawa Buganda alizipita mtu huyu mmoja kabla hajafa. Hujaji anayesimulia Namugongo kama habari ya kanisa moja atamweka wapi Matia?

Nafahamu kuna wasomi wanaomtetea Mwanga. Husema alikuwa kijana mwenye hofu, amezungukwa na wageni wenye bendera nyuma ya Biblia, na habari za Wajerumani kujitwalia nchi za pwani na bara zilikuwa zinamfikia. Husema pia kwamba baadaye aliwapiga vita Waingereza, akakamatwa, na akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903. Yote hayo ni kweli, na hofu yake kwa wageni ilithibitishwa na historia. Lakini waliochomwa hawakuwa wageni. Wamisionari waliokuwa Buganda, Mackay na Padre Lourdel wa Mapadre Weupe, hawakuguswa. Waliochomwa ni watoto wa Buganda, waliokula na kulala ikuluni, na wengi wao waliendelea kumtumikia Kabaka kwa utiifu hadi siku ya kufungwa kamba. Mtawala aliyeogopa wageni akawaua watu wake mwenyewe. Historia imjadili Mwanga kwa haki, lakini ubishi huo hauwezi kufuta kuni za Nakiyanja.

Wala wafuasi wa mashahidi hawakubaki wasafi. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumng'oa Mwanga, kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo. Mwanga huyo huyo akakimbilia huku kwetu kusini mwa ziwa, akapokewa na mapadre wa Bukumbi, ndugu wa dini wa watu aliowachoma. Wakristo wakarudi kwa silaha na kumrudisha kitini. Na Januari 24, 1892, miaka isiyozidi sita tangu kuni za Nakiyanja, Wakatoliki na Waanglikana wakapigana kwa bunduki pale Mengo. Waliochomwa rundo moja, ndugu zao waligawana risasi. Wakatoliki walishindwa, na askofu wao, Hirth, akakimbilia Bukoba. Misheni ya Kashozi iliyoanzishwa mwaka huo, mama wa parokia zetu za Kagera, ni tunda la ugomvi ule. Ndiyo maana sisi wa upande huu hatuna ruhusa ya kuusahau.

Mgawanyiko tunaouona leo Namugongo, Misa huku na ibada kule, siku moja, kila kundi na kwaya yake na wageni wake, ni urithi wa bunduki za Mengo kuliko urithi wa mashahidi. Mapapa walilielewa hili kabla yetu. Paulo wa Sita aliwataja Waanglikana katika mahubiri yake ya 1964 alipowatangaza watakatifu Wakatoliki. Fransisko alipofika 2015, alianzia kwa Waanglikana kabla ya kwenda basilika. Kama papa, pamoja na ulinzi wake na ratiba yake, alipata nafasi ya kwenda Nakiyanja, basi la parokia haliwezi kusema halina muda.

Wasiwasi wangu wa pili ni wageni wanaokaa mbele. Juni 3 kwenye jukwaa la heshima hukaa viongozi wa nchi, mawaziri na wabunge. Siwalaumu kwa kuja. Mtawala naye ana roho, na Kanisa halifungii mtu mlango. Lakini inanishangaza tunavyokaa kwa utulivu mkubwa hivyo kwenye sherehe ya watu waliouawa kwa kumkatalia mtawala, tukimpigia makofi mtawala, bila yeyote kuona ajabu. Uganda yenyewe imekumbushwa mara nyingi. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa ofisini kwake Mahakama Kuu mwaka 1972 na hakuonekana tena. Basilika ilizinduliwa 1975 Idi Amin akiwa madarakani, na miaka miwili baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu wa Waanglikana Janani Luwum akauawa baada ya maaskofu wake kuandika barua ya kulalamikia mauaji. Mei 1984 wanajeshi wa serikali waliivamia Namugongo yenyewe, wakawaua watu, akiwamo mkuu wa chuo cha thiolojia cha Waanglikana. Damu ilimwagika tena juu ya ardhi ya mashahidi, miaka 98 baada ya moto wa 1886.

Ndiyo maana jibu kwamba walikufa kwa ajili ya imani halitoshi. Likiachwa hivyo, linakuwa jibu lisilomsumbua mtu, maana leo hakuna anayekuzuia kusali. Jibu kamili ni kwamba walikufa kwa sababu walijua mahali amri ya mkubwa inapoishia. Waislamu wa 1876 walijua. Balikuddembe alijua. Lwanga na vijana wake walijua, na Luwum alijua. Karani anayeambiwa aongeze sifuri kwenye hundi, askari anayeambiwa ampige raia asiye na kosa, mwalimu anayetaka mwili wa mwanafunzi na mwanafunzi anayemkatalia: hao wote wako Namugongo, wawe wamekwenda hija au hawajawahi kuvuka Mutukula.

Sisi Watanzania tuna sababu yetu ya ziada. Juni 1, siku mbili kabla ya sherehe yenyewe, huadhimishwa Misa Namugongo kuombea mchakato wa kumtangaza Mwalimu Julius Nyerere kuwa mwenyeheri, na mahujaji wetu wengi hupanga wafike kabla ya hapo. Mama Maria Nyerere ameongoza mahujaji mara kadhaa. Ni heshima kubwa Waganda wametupa. Basi tusiwe watu wa kuombea tu ya kwetu. Taifa lililolelewa na Mwalimu kuishi Waislamu kwa Wakristo bila kuulizana dini lilipaswa kuwa la kwanza kuwapeleka mahujaji wake katika maeneo yote matatu ya Namugongo, la Wakatoliki, la Waanglikana na la Waislamu.

Nina maombi matatu kwa kamati za hija. La kwanza, tengeni saa moja ndani ya basi, kati ya rozari na nyimbo, mtu asome historia nzima: Waislamu wa Mutesa, watatu wa Busega, wapagazi wa Hannington, rundo la Nakiyanja, na bunduki za Mengo pia. Wenye watoto garini wasiogope, kwani Kizito naye alikuwa mtoto. La pili, ratiba iwe na Nakiyanja. Juni 3 yenyewe msongamano ni mkubwa, kwa hiyo nendeni Juni 2 asubuhi au Juni 4 kabla ya safari. Mkatoliki asiogope kuingia kwa Waanglikana, na Mlutheri au Mwanglikana wa Tanzania anayekwenda kwa ndugu zake apande naye hadi basilika. La tatu, mtakaporudi, paroko asiwape nafasi ya kutoa shukrani tu. Awape nafasi ya kusimulia.

Na kwako msomaji Mwislamu, unayesoma safu hii ukidhani haikuhusu: Namugongo ni kwenu pia, na mlitangulia kufia hapo. Siku ukipita Kampala kwa biashara, chukua nusu siku uende ukawasomee Fatiha.